Kiraka cha Kitenge

Asia alikuwa ameshamwagia kokoro mafuta ya taa, watu wamejaa ufukweni, mwaloni Katonga, kushuhudia likichomwa, ndipo alipokiona kiraka.

Kokoro lenyewe, wavu haramu wa kukokota, lilikuwa vyandarua vya mbu vilivyounganishwa. Wenyewe walikuwa wamelitupa na kukimbia. Dagaa wachanga, wembamba kama nyuzi, walikuwa bado wamenasa kwenye matundu.

Kiraka kilikuwa cha kitenge chake cha njano. Akakipapasa kwa kidole gumba. Mshono ulikuwa wake.

Ni chandarua cha Ashraf, mwanawe. Mumewe alimwambia kimeibwa kwenye kamba ya nguo. Haukupita muda mtoto akalazwa kwa malaria, na baba mtu akakaa pembeni ya kitanda akiwalaani wezi.

Sasa huyo huyo alikuwa akipenya katikati ya watu, jasho likimtoka. Alijua kwamba mkewe, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi wa ziwa, hachomi nyavu bila kumtaja hadharani mwenye wavu, akijulikana.

"Mama Ashraf," akanong'ona, "haya tukayamalize nyumbani."

Asia akawasha kiberiti.

"Nyumbani kuna mbu," akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye mitumbwi.