Sura ya Yuda

Kasian alipanda juu ya benchi la mbele kanisani, ndoo ya chokaa mkono mmoja, brashi mkono wa pili.

"Leo namfuta!"

Ukutani Yesu alikuwa mezani na mitume wake. Bruda wa Kizungu aliyeichora picha ile zamani aliwakalisha wanaume wa kijiji, akawapa mitume sura zao. Watu walipita wakijivuna: yule Petro ni babu yetu, yule Yohane ni mjomba. Yuda alikuwa Danieli, mchanganya rangi wa Bruda, baba yake Kasian.

Danieli alikufa bila kusema neno juu ya picha ile. Mwanawe akarithi jina: mwana wa Yuda. Shuleni, kilabuni, hata kwenye foleni ya sukari. Na wiki hii Katekista Philbert alirudisha posa ya Kasian. Binti yake Apolonia, alisema, haolewi na damu ya msaliti.

"Shuka, mwana wa Yuda," Philbert aliita kutoka mlangoni. "Marehemu baba yangu alikuwa swahiba wa baba yako, lakini yeye alikataa kuchorwa. Alikuwa na akili."

"Mzee, usiniite hivyo tena!"

"Kaka, subiri!" Benedicta aliingia mbio na bahasha. Alikuwa mtafiti wa michoro kutoka Iringa mjini. Aliupiga mchoro ule picha kwa filamu inayoona chini ya rangi, akazituma Ulaya, na kompyuta ya huko ikalinganisha mikono ya wachoraji, namna kila mmoja anavyopaka rangi. "Majibu yamekuja. Bruda hakuichora sura hii ya Yuda. Lile sanduku alilolipamba baba yako, ulilonipa nilipige picha? Mkono ni ule ule."

Brashi ilimponyoka Kasian. Miaka yote alimlaani Mzungu. "Baba alijichora mwenyewe? Kwa wazimu gani?"

Philbert alicheka mpaka akashika ukuta. "Alijijua! Basi binti yangu nimemwokoa."

Machozi ya hasira yalimtoka Kasian. Akainua ndoo nzima.

"Bado hii," Benedicta alisema haraka. "Chini yake kuna Yuda wa kwanza, aliyechorwa na Bruda. Baba yako alimfunika. Kompyuta imeitoa sura yake kwenye karatasi hii, ila mimi simfahamu."

Philbert aliipokea karatasi huku bado anacheka. Akaitazama. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama tena, kisha akaketi sakafuni.

"Huyu," alisema, "ni marehemu baba yangu."