Mguu wa Mbele

Mukhwana aliinama katikati ya skramu, lile fungu la wachezaji wa raga wanaosukumana na wapinzani, mikono yote miwili imewashika wenzake wa pembeni. Hakubakiwa na mkono wa kujikinga. Alikuwa na mguu tu, ule ambao sheria mpya iliwataka yeye na mwenzake wa upande wa pili wautangulize, uzuie uzito wa walio nyuma usiwashukie shingoni kabla refa hajatoa amri.

Mguu wake ulikuwa mbele. Wa mpinzani ulikuwa nyuma.

Badala ya kumwita refa, alimtazama mpinzani wake kwa woga.

"Ndugu yangu, mguu," alinong'ona.

Yule jamaa aliinua macho yaliyojaa woga uleule. "Siwezi. Wananisukuma."

Refa akavuta pumzi ili atoe amri. Topeni, njumu ya yule jamaa ikaanza kutambaa mbele, polepole.