Mheshimiwa Akikohoa

"Akianza kukohoa, msimwonee huruma," Virginia Kabura aliwaambia wasichana. "Mpeni maji, mngoje anywe, halafu mrudie swali lile lile."

Wasichana waliobanana kwenye ukumbi wa kanisa pale Yamumbi waliangua kicheko. Kila Jumamosi Virginia, na siku hizi mwenzake Marion Aloo pia, waliwafundisha bure mambo ya uraia: katiba inasema nini, kaunti ina kazi gani, na mkubwa anaulizwaje swali bila magoti kugongana. Leo walikuwa wanajiandaa kwa vita. Alasiri hiyo mwakilishi wa wadi, Mheshimiwa Munene, angehutubia mkutano uwanjani, hapo nje tu.

"Na akisema 'tunalishughulikia'?" akauliza Cate.

"Muulize, wewe na nani? Hiyo 'tuna' yake huwa ni yeye peke yake, na amelala."

Wakacheka tena. Cate hakucheka. Mwezi wa nne alijifungulia kando ya barabara, juu ya koti la mtu wa bodaboda. Mtoto alipona, lakini hasira haikupoa. Wodi ya wazazi aliyoahidi Mheshimiwa ilikuwa haijaezekwa, na mpaka sasa waliowahi kujifungulia humo ni mbuzi tu.

Marion, muuguzi kutoka kijiji cha Plateau aliyejiunga nao juzi juzi, akamvuta Virginia pembeni.

"Mama, huyu mtu unamjua mpaka kikohozi. Watasema unataka kiti chake."

"Kiti gani? Mimi nikikaa sana mgongo unaniuma."

"Lakini si utamwaibisha mbele ya watu?"

"Nimemwongelesha kwa upole miaka na miaka, Marion. Upole umeisha."

Wasichana wawili waliokuwa karibu wakatazamana, kisha wakainamisha vichwa kuficha meno.

Mheshimiwa alifika na magari mawili, walinzi wanne na kofia pana kama sinia. Akafungua kwa maombi. Akaimbisha pambio. Kisha akawasifu akina mama wa Yamumbi, akasema wao ndio uti wa mgongo wa taifa. Virginia, safu ya nyuma kabisa, akafyonya.

Cate akasimama. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, halafu ikakaza.

"Mheshimiwa, wodi ya wazazi itaezekwa lini?"

Mheshimiwa akakohoa.

Msichana mmoja akatokea na glasi ya maji, adabu tupu, kama yuko harusini. Mheshimiwa akanywa. Akanywa tena. Akanywa mpaka maji yakaisha.

"Wodi ya wazazi itaezekwa lini?" akarudia Cate.

"Tunalishughulikia, dada yangu."

"Wewe na nani?"

Uwanja mzima ukalipuka. Mheshimiwa akajifuta jasho, akaangaza macho huku na huku akimtafuta aliyewachochea wale wasichana. Macho yake yakatua safu ya nyuma. Mabega yakamshuka.

"Mwizi huyo!" akafoka mzee mmoja aliyeketi mbele ya Virginia.

Virginia akamgusa bega. "Mzee, hapo umemsingizia. Mwizi siye. Ni mvivu."

Alisema kwa sauti kavu, kisha akaikunja mikono ndani ya sweta.

Wasichana hawakumpa Mheshimiwa nafasi ya kupumua. Mmoja akiketi, mwingine anasimama, swali ni lile lile. Mwishowe, mbele ya simu zilizokuwa zinamrekodi kila upande, akatamka kwenye kipaza sauti kwamba mabati yangeletwa wiki hiyo, na yasipofika, wasimpigie kura tena.

"Asante," akasema Cate. "Tutakuja kuangalia." Akaketi, akafunika uso, akalia na kucheka kwa pamoja.

Mkutano ulipokwisha, Mheshimiwa hakwenda kwenye gari. Alikata moja kwa moja kuelekea nyuma, uso umejikunja kama wingu la mvua. Watu wakampisha. Marion akaruka, akasimama mbele ya Virginia, mkoba juu.

"Mguse uone! Mimi hufunga vidonda, lakini hata kuvifungua najua!"

Mheshimiwa akampita kando kama hakumwona. Akawafukuza walinzi kwa mkono. Akavua kofia, akaishika tumboni kwa mikono miwili.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "mimi mtoto wako wa kuzaa? Si ungeniambia tu nyumbani?"

Virginia akamtazama kuanzia viatu mpaka kipara.

"Nyumbani huwa unakuja lini?"