Atajua kwa Mpigo Mmoja

"Geukia ukutani, mama, na usichungulie."

Yule mama akageuka. Fundi magitaa akashusha gitaa la bei kali, lile la dirishani ambalo wateja huligusa kwa macho tu, akalipiga mpigo mmoja. Kisha akachukua jingine, lenye kovu tumboni na kichwa kisichoandikwa jina la kampuni yoyote, akapiga mpigo ule ule.

"Lipi la bei?"

"La pili," akasema mama.

Benchi zima likalipuka. Duka lile halikosi benchi: kinyozi asiye na wateja, dereva mstaafu, na muuza chai ambaye chai yake hupoa akisikiliza habari za watu. Wakamwambia fundi alitoe lile la dirishani akaanikie nguo.

Mama hakucheka. "Rudia."

Fundi akarudia, akabadilisha zamu, akarudia tena. Kila mara mama alichagua lile lenye kovu.

"Huu ubao wa juu ni mti mtupu, haukubandikwa tabaka juu ya tabaka," fundi akaeleza. "Aliyelitengeneza hakuwa na jina, basi. Watu hununua jina."

"Mume wangu hasikilizi jina," mama akasema. "Atajua kwa mpigo mmoja. Nikimpelekea linalolia kama sanduku, atageukia ukuta tena, na safari hii sijui kama nitaweza kumgeuza."

Benchi likakonyezana. Nani asiyemjua mumewe? Solo, ambaye akilikuna gitaa maharusi husahau kukata keki. Lakini tangu mvua zilizopita hakuonekana kwenye bendi wala kwa kinyozi. Habari zilikuwa tele: kapata kazi ya kupiga hoteli kubwa, anaringa, hajui mtu. Halafu gitaa lake likaonekana likiuzwa upande wa pili wa mji, na benchi likapata jibu lake. Mke ameliuza kwa wivu. Sasa anatafuta pacha wake kabla mwenyewe hajashtuka.

"Wivu ni moto," akanong'ona muuza chai, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

Mama akajifanya hakusikia. Akamwomba fundi akae kwenye stuli na apige kwa mkono wa kulia tu. Yeye akasimama nyuma yake, akapitisha mkono wake wa kushoto juu ya bega la fundi, akabana nyuzi.

"Fundi, omba mumewe asipite hapa!" dereva akapaza sauti.

Sauti ya gitaa ilitoka imefifia. Vidole vya mama vilikuwa laini, na nyuzi zilikuwa mbali na shingo.

"Zishushe kidogo, fundi. Zinaniumiza."

"Kumbe unajifunza wewe!" kinyozi akadakia. "Mama, kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja haupigi gitaa. Jifunze yote miwili."

"Huu unanitosha," akajibu bila kuinua macho.

"Basi angalau vua bangili," fundi akasema. "Inakwaruza shingo."

"Haitoki. Alinivika yeye, enzi hizo nina mkono kama njiti ya ufagio."

Wakacheka wote. Mama naye akacheka kidogo, halafu akatazama mlangoni ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni.

Fundi akasaga kijiti cha mfupa kinachobeba nyuzi mpaka zikalala karibu na shingo. Alipotaja bei, mama alikuwa ameshalikumbatia gitaa.

"Atarudi lini kwenye bendi?" fundi akamuuliza. Walikuwa marafiki, yeye na Solo, kabla ya hayo maringo.

"Mwacheni kwanza apige."

Akalipa, akaondoka kwa haraka, hata nyuzi za akiba alizonunua pamoja nalo akazisahau mezani.

"Mpelekee!" benchi likamsukuma fundi. "Ukachungulie kama mzee kaingia mtegoni. Habari hii hailali njaa!"

Jua lilikuwa halijazama fundi alipofika. Zamani nyumba ile ilikuwa haina nafasi ya kuweka mguu. Viatu vya wageni vilijaa mpaka nje. Sasa majani yalikuwa yameota mlangoni, na kizingitini palikuwa na jozi moja tu ya kandambili, za kike.

Ndani gitaa lilikuwa linalia. Fundi akasimama chini ya dirisha, mkono ukiwa umeinuliwa kupiga hodi. Mpigo ule haukuwa na shaka. Mkono wa Solo huwezi kuuchanganya na wa mtu mwingine, hata ukisikia usingizini. Akatabasamu peke yake. Kaingia mtegoni, mzee!

Ila sauti za nyuzi zilichelewa kubadilika, kana kwamba vidole vimezeeka kwa msimu mmoja. Na kila zilipobadilika, kitu kilikwaruza.

"Zuri hili, mama watoto," ikasema sauti ya Solo. Ilitoka polepole, nzito, kama ya mtu mwenye ulimi uliolala. "Hata lile... tuliloliuza kulipia hospitali... halikulia hivi."

Fundi akashusha mkono. Akasogeza pazia kwa kidole.

Solo alikuwa ameegemezwa mito kitandani, gitaa kifuani, mkono wake wa kulia ukicheza juu ya nyuzi kama siku zote. Wa kushoto ulilala pajani, kiganja juu, kimya. Mkono uliokuwa ukipanda na kushuka shingoni mwa gitaa ulitokea nyuma ya bega lake, na ulikuwa na bangili.