Mkanda Juu ya Bahari

"Fungua mkanda, mwanangu," Bibi Aune alisema, gari liliposhuka ufukweni na kuingia juu ya bahari iliyoganda.

Mgeni wake akaduwaa. Asubuhi, mjini Oulu, bibi huyuhuyu alimkemea kwa kutoufunga.

"Bibi, si hapa ndipo pa kufunga?"

"Kitendawili!"

"Tega."

"Barabarani huniokoa, baharini hunizamisha."

"Mkanda?"

"Basi wangoja nini? Barafu ikipasuka, utaruka nao?"

Chini ya magurudumu barafu ikalia kama mlango mzito. Vidole vya mgeni vilikuwa vimekufa ganzi, na kitufe hakikubonyea. Akabonyeza tena kwa dole gumba, mkanda ukaachia. Bibi akacheka, akaendelea kuendesha polepole kuelekea kisiwani walikokuwa wakienda.

Mgeni akamgeukia. Mkanda wa bibi ulikuwa bado umembana kifuani.