Beberu Arudi Uwanjani

Alikuwapo Beberu, bingwa wa kupigana pembe, na anayebisha akawaulize mbuzi wenzake. Alistaafu bila kushindwa hata pambano moja, lakini kukaa bila kushangiliwa kukamshinda, akatangaza kurudi uwanjani.

Akapangiwa kijana Kidevu, aliyekuwa akimposa bintiye wa mwisho. Pembe hazijagusana vizuri, Kidevu chali.

“Umeniua, baba mkwe,” akasema, amefumba macho kwa adabu.

Beberu akatamba, kifua mbele. Bata akauliza kwa sauti, “Na wale aliowapiga enzi zake, si ndio waliooa mabinti zake wakubwa?”

Uwanja mzima ukacheka. Beberu akawageukia wakwe zake mstari wa mbele.

“Nyie, semeni ukweli. Sikuwapiga mimi?”

“Ulitupiga sana, baba,” wakajibu kwa pamoja, wameinamisha vichwa kwa heshima.