Utafiti wa Chumba cha Cherehani

Fundi wa kumi na moja naye alijibu kama wenzake kumi: hakuna mabadiliko. Joto linampanda vilevile, jasho linamtoka vilevile, na usingizi hauji. Mtafiti aliandika, akapiga mstari, akafunga faili. Siku sitini za utafiti zilikuwa zimekwisha na hazikuzaa kitu.

Unga ule wa mbegu na majani alikuwa ameusaga kwa mikono yake, kwa ajili ya wanawake waliofikia ukomo wa hedhi. Ndio uliobeba shahada yake ya udaktari, aliyoianza miaka saba iliyopita. Msimamizi wake, kijana aliyezaliwa yeye akiwa tayari sekondari, alikuwa ameshatoa neno la mwisho: matokeo mwezi huu, la sivyo tuagane. Mafundi walimwita mtafiti Daktari tangu siku ya kwanza, naye hakuona sababu ya kuwasahihisha.

Alichagua chumba chao cha cherehani kwa sababu wote walikuwa wanawake wa kati ya miaka arobaini na saba na hamsini na tano. Yeye naye alikuwa mwanamke wa arobaini na tisa, lakini hilo halikuhusu. Alipouanza utafiti hakuwa na dalili hata moja, ukiacha joto, jasho, kukosa usingizi na kusahau. Kila moja alikuwa ameitafutia sababu yake: joto ni la mabati, jasho ni la pasi, usingizi anaufukuza msimamizi. Sababu ya kusahau hakuikumbuka.

Aliyekuwa na hali mbaya, kwa maoni yake, ni karani wake. Mama huyo, aliyelingana naye umri, alikaa mlangoni akijipepea kwa bahasha na kujifuta shingo kwa leso. Mtafiti alimwonea huruma ya kweli. Mara mbili tatu alimshauri akubali tu kwamba umri umemfika, maana kujidanganya ni aibu kwa mtu aliyesoma.

Siku ya kwanza aliwahutubia mafundi saa nzima, nao wakamsikiliza na pini zao midomoni. Utafiti si porojo, aliwaambia. Mtu aandike anachokiona, si anachokitamani, tena kila siku. Na lazima awepo wa kulinganisha naye, wa umri uleule, asiyepewa kitu. Bila hivyo utajuaje kilichomsaidia mwenzake? Wa kwake wa kulinganisha nao alikuwa amewapata zahanati ya jirani. Mkubwa wa mafundi, waliyemwita Mama Pini, aliuliza kama huyo asiyepewa haonewi. Daktari alikiri kwamba huonewa kidogo, ila utafiti ukiisha naye hupewa haki yake. Mafundi waliitikia kwa vichwa, wakarudi kwenye mishono yao.

Tangu hapo kila siku ya kazi aligawa pakiti za unga, akapima joto, akauliza maswali. Nao kila asubuhi waliwapa wageni wao maziwa ya moto, Daktari kikombe chekundu, karani kikombe cha bluu. Ya Daktari yalikuwa mazito, yenye chengachenga na tangawizi kwa wingi. Yeye, mtaalamu wa lishe wa miaka ishirini, aliwahi kuuliza ni ya ng'ombe gani.

Sasa alisimama katikati ya chumba kuwaaga, akashindwa. Alitaka kuwashukuru kitaalamu. Badala yake alikaa juu ya robota la kitambaa cha sare za shule na kulia kama mtoto aliyenyang'anywa. Aliililia miaka yake saba, akamlilia na yule kijana ambaye keshokutwa angemwambia pole kwa barua pepe. Karani aliacha kujipepea.

Mama Pini alimpa kipande cha kitambaa ajifute, akaketi karibu naye.

"Tusamehe, mdogo wangu," alisema. "Zile pakiti hatukuzila."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Mtafiti aliyaona akilini mapipa ya taka, akauona unga wake umemwagiwa kuku. Machozi yalikauka kwa hasira. Aliuliza wamezipeleka wapi.

"Ulituambia tuandike tunachokiona," Mama Pini alisema. "Soma."

Akamwekea magotini daftari la vipimo, lile la kuandikia viuno na mabega ya wateja. Kurasa za nyuma zilikuwa zimepigwa mistari kwa rula, na kila siku ilikuwa na mwandiko wake.

*Siku ya 1. Daktari. Koti kalivua mara sita. Kamgombeza karani kwa kosa lake mwenyewe. Katafuta miwani iliyo usoni kwake. Anaungua kuliko sisi sote, na mwenyewe hajui. Pakiti moja kwenye maziwa, zamu ya Mama Pini.*

*Siku ya 31. Daktari. Koti mara mbili. Anasema kalala hadi asubuhi. Kacheka. Pakiti moja, zamu ya fundi wa vifungo.*

*Siku ya 60. Daktari. Koti hajalivua.*

Mtafiti alijitazama. Koti lilikuwa limefungwa vifungo vyote, hadi cha shingoni, na juu ya kichwa chake mabati yalikuwa yakilia kwa jua.

Ulibaki mstari mmoja, chini kabisa ya ukurasa.

*Karani. Maziwa matupu siku zote sitini, kwa kulinganisha. Bado anaungua. Pakiti zake tumemwekea, aanze kesho.*